Mguu Usionisikia

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliishia pale simu ya mwanafunzi wangu ilipolia juu ya dashibodi. Alibonyeza spika kwa kidole kimoja akarudisha mkono kwenye usukani, na mimi nikamsikia mwanangu wa kumzaa akimwita mtu mwingine baba.

"Baba, usisahau penseli zangu za rangi."

Hayo tu, simu ikakatika.

Kwa aliyekosa matoleo yaliyopita: mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno ninalolisema kuliko mengine yote. Mimi na mke wangu tuliachana miaka miwili iliyopita. Binti yetu wa miaka tisa, tunayemwita Chiriku kwa vile mdomo wake haupumziki, anakaa na mama yake. Mwanafunzi ninayemsimulia ni mtu mpole anayesaga vioo vya miwani kwenye duka la macho. Nilikuwa nimemfundisha wiki mbili nzima nikimwita Fundi Miwani, na kumpenda nilishaanza kumpenda, kabla simu ile haijanijulisha kwamba ndiye mchumba mpya wa Mama Chiriku.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Sikukasirika. Nataka hilo lieleweke. Nilimwambia awashe indiketa, aegeshe pembeni, azime gari.

"Huyo ni mwanao?" nikamuuliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Wa mchumba wangu," akasema. "Lakini ameshanizoea."

"Hongera."

"Asante, mwalimu."

Nikanywa chupa nzima ya maji. Nikajiambia, sisi tuliachana kwa amani. Hatukurushiana sahani. Mwanamke ana haki ya kuolewa tena, mtoto ana haki ya kupendwa. Maneno hayo nilikuwa nimeshawaambia watu wengi mpaka yakawa yanatoka yenyewe, kama shairi la darasa la pili.

Kitu kimoja tu ndicho kilichonisumbua. Shati lake. Mikono ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi kwa mikunjo miwili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Namjua mtu mmoja tu anayepiga pasi namna hiyo. Mikunjo ile niliivaa miaka kumi na moja.

Nikageuza macho, nikatazama barabara.

Kesho yake gari ikaanza kutusumbua.

Tulikuwa tunapanda kilima cha nyuma ya soko. Fundi Miwani alibadilisha gia vizuri, akaachia klachi vizuri, na gari ikasita, ikaruka kama mbuzi, ikazima.

"Umekanyaga breki," nikamwambia.

"Sijakanyaga, mwalimu."

"Mguu umekuteleza. Washa tena. Taratibu."

Akawasha. Tukaenda mita mia. Akakata kona safi kabisa, kona ambayo wengine wanaihangaikia mwezi mzima, na mara gari ikashtuka, paji lake la uso likakaribia usukani.

"Na hiyo je?"

"Haki ya Mungu sijagusa kitu."

"Usiape. Tazama mbele."

Siku ile gari ilizima mara saba. Siku iliyofuata, mara tisa. Mzee mmoja mwenye baiskeli alitupita kilimani, akatupungia mkono wa pole.

Fundi Miwani akaanza kujichukia. Aliegesha kando, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa alichokuwa amekikunja vizuri mfukoni.

"Nadhani sikuumbiwa kazi hii," akaniambia. "Na muda sina. Nimepata kazi mji mwingine, ya kuendesha gari la kupimia watu macho, kijiji hadi kijiji. Bila leseni hawanichukui."

"Ni mbali?"

"Mwendo wa siku nzima."

"Unakwenda peke yako?"

Akavaa miwani kabla ya kujibu. "Tunahama wote."

Wote. Nikamwambia asijali, kila mtu hujifunza kwa kasi yake. Nilisema hivyo kwa huruma ya kweli. Mngeniapisha, ningeapa.

Mwenye shule yetu ni mama wa makamo aliyeendesha malori miaka ishirini kabla ya kununua magari yake mawili ya mafunzo. Tunamwita Mama Klachi, kwa sababu anaweza kukaa ofisini ameligeuzia dirisha mgongo na akakuambia gari inayoingia getini inaendeshwa na nani, kwa kusikiliza klachi tu.

Aliniita Alhamisi asubuhi.

"Huyu Fundi Miwani wako anaendeleaje?"

"Mzito kidogo. Mguu wake hautulii."

"Jana ulipompeleka yule dada kwenye mtihani, nilimchukua mimi. Tumezunguka mji mzima. Hakuzima hata mara moja."

"Basi ameanza kuelewa."

"Labda," akasema. "Leo naja na nyinyi."

Akakaa kiti cha nyuma, mkoba juu ya mapaja. Tukapanda kile kilima. Gia ya pili, gia ya tatu. Fundi Miwani alikuwa anaendesha vizuri mpaka nikahisi kifua kinanibana, nikadhani ni joto. Gari ikashtuka, ikazima.

"Samahani," akasema yule maskini. "Sijui nimefanya nini."

"Wewe hujafanya kitu, baba," Mama Klachi akamjibu. "Shuka unyooshe miguu kidogo."

Aliposhuka na mlango ukafungwa, Mama Klachi akanisogelea sikioni kutoka nyuma.

"Taratibu. Usisogee. Shusha macho tu."

Wasiojua waelewe kwamba gari ya mafunzo ina breki mbili. Moja ya mwanafunzi, nyingine iko miguuni kwa mwalimu, aitumie wakati wa hatari.

Nikashusha macho. Kiatu changu cha kulia kilikuwa juu ya breki. Wala hakikuwa kimeigusa tu. Kilikuwa kimeikandamiza mpaka chini, goti limenyooka, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

Nilikitazama kiatu kile kama cha mtu mwingine. Nikakiamuru kiondoke. Kilichukua muda.

"Mama, sikujua," nikasema.

"Najua hukujua. Ungekuwa unajua ningekufukuza hapa hapa. Huyu bwana ni nani kwako?"

Nikamweleza. Hakushangaa, wala hakunipa pole. Alifungua mkoba, akatoa pipi mbili za mnanaa, moja akanipa.

"Mume wangu aliponiacha," akasema, "nilikuwa napeleka saruji. Kila safari nilipita barabara moja, nikiwaambia watu ni njia ya mkato. Mwaka mzima. Siku moja tajiri wangu akanionyesha kwenye ramani, ile njia ya mkato ilikuwa inazidi kwa kilomita arobaini. Ila ilipita mbele ya nyumba mpya ya mume wangu. Kichwa changu kilikuwa kinasema mkato. Mikono ndiyo iliyojua inakokwenda."

"Ukafanyaje?"

"Nililia. Halafu nikaanza kukaa chini na yule mtu wa ndani. Kila mtu ana mwenzake huko ndani, Taratibu, asiyechana nywele wala kusema hongera. Ukimnyima nafasi ya kusema, atasema kwa miguu. Ukimwachia usukani, atakutia mtaroni. Mpe kiti, msikilize mpaka amalize, lakini uendeshe wewe."

"Namsikilizaje mtu ambaye simwoni?"

"Asubuhi kabla ya somo ingia kwenye gari peke yako, funga vioo, sema kwa sauti unachokisikia rohoni. Ukweli, si ule wa kuwaambia watu. Halafu umwambie na yeye." Akaonyesha nje kwa kidevu, ambako Fundi Miwani alikuwa amesimama akilitazama gurudumu kama ndilo lenye kosa. "Akitaka mwalimu mwingine, nitammalizia mimi. Ni haki yake kuchagua."

"Nitamwambia."

"Mpaka Jumatatu," akasema.

Ijumaa asubuhi nikaingia kwenye gari pale uani, nikapandisha vioo. Mfagiaji alikuwa upande wa pili, nikageuza uso asiuone mdomo wangu.

"Sina wivu," nikasema.

Nikajaribu tena. "Sina wivu." Mara ya tatu nikajisikia nacheka.

Nikaliacha neno lenyewe, nikaanza na vitu vidogo. Nikasema silipendi lile shati. Nikasema Jumapili nilipoinama kumfunga Chiriku kamba za viatu alivuta mguu, akasema sivyo hivyo, Fundi hufunga mafundo mawili. Nikasema namchukia yule mtu kwa sababu ni mwema. Angekuwa mlevi ningelala usingizi mzuri. Nikasema nataka afeli. Afeli mtihani, akose kazi, Mama Chiriku amwone alivyo mzito, na siku moja ageuke aseme...

Hapo nikanyamaza. Lile la mwisho sikulisema, hata nikiwa peke yangu, hata vioo vikiwa juu.

Nilitoka garini mwepesi kama mgonjwa aliyetapika. Nikajiambia nimepona.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimempa yule mtu wa ndani dakika kumi, nikamkata kauli, nikadhani tumemalizana.

Fundi Miwani akafika kwa somo lake, shati safi, mikunjo miwili.

"Mwalimu, Mama Klachi ameniambia una neno na mimi."

Nikamtazama. Neno lilikuwapo.

"Ndiyo," nikasema. "Vioo. Huangalii vioo vyako vya kutosha."

"Nitajitahidi."

Nilikuwa nimekuja na dawa yangu mwenyewe. Tulipoanza safari niliuvuta mguu wa kulia nyuma, chini ya kiti, nikaupachika nyuma ya mwenzake, nikaubana. Kaa hapo, nikauambia.

Gari ikaenda. Tukapanda kilima, tukakata ile kona, tukarudi nyuma kwenye uchochoro wa maduka ya vitambaa bila kugusa hata ndoo. Ijumaa hatukuzima. Jumamosi hatukuzima. Fundi Miwani alianza kupiga mluzi kwenye usukani, na mimi nilirudi nyumbani nachechemea, mguu wote umekufa ganzi.

Jumatatu Mama Klachi alinikuta mlangoni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kasema tumalizie tu."

Akanitazama kidogo, akanipa funguo. Mtihani wa Fundi Miwani ulikuwa Jumatano.

Tulichukua barabara ya viwandani, ndefu, ukuta huku na ukuta huku, mageti makubwa ya chuma. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Fundi Miwani alikuwa gia ya tatu, mabega yamelegea, anaendesha kama mtu aliyezaliwa na usukani. Akaacha kupiga mluzi.

"Mwalimu, mimi kuzunguka siwezi. Nakujua wewe ni nani."

Nikatazama kioo cha pembeni.

"Nimekujua tangu siku ya kwanza. Nilikuja kwako makusudi."

"Kwa nini?"

"Mama Chiriku alinielekeza. Nilimwambia natafuta mwalimu, akasema mji mzima yupo mmoja tu. Hajawahi kugonga hata kuku, akasema." Akacheka kidogo, lakini kicheko kile hakikuwa na raha. "Nyumbani kwetu unatajwa sana, mwalimu. Bomba likivuja, Baba Chiriku angelifunga hivi. Mtoto akikohoa, Baba Chiriku humlaza hivi. Nikaona bora nimwone huyo mtu."

"Na sasa umemwona."

"Nimemwona. Ndiyo maana nataka kukuuliza uso kwa uso. Kumchukua mtoto wako mwendo wa siku nzima bila ruhusa yako, hilo siliwezi. Mama yake hajui kama nakuuliza. Ukisema hapana, kazi naiacha."

Nilitakiwa kufurahi. Mtu alikuwa amenishikisha kila nilichokitaka, mkononi, bila kuombwa. Nilichokisikia ni hasira. Hata hapo alikuwa amenishinda. Mimi nilikuwa nimeshindwa kumwambia ukweli mdogo wa kiatu, na yeye alikuwa ananiwekea maisha yake mezani kwa sauti ya upole.

Mbele yetu, kwenye geti la kiwanda cha matofali, lori lilianza kutoka likirudi nyuma, bila mtu wa kulielekeza.

Fundi Miwani alikuwa amenigeuzia uso, anasubiri jibu.

Nililiona lori. Nililiona mapema. Kulikuwa na muda wa kusema breki, na kulisema mara tatu. Mdomo haukusema. Mguu wangu ulikuwa pale nilipoupachika, nyuma ya mwenzake, na kwa mara ya kwanza ukanitii.

Nakumbuka kioo kikimwagika kama mchele. Nakumbuka honi iliyolia peke yake. Nakumbuka nilitazama chini kwanza, kabla ya kumtazama yeye.

Hospitali walimshona nyuzi nane juu ya jicho, na mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili. Miwani haikupatikana. Mimi nilichubuka goti.

Walimlaza kwenye chumba cha vitanda vinne, vitatu vitupu. Mimi nilipewa kiti cha plastiki pembeni. Askari wa usalama barabarani akaja na daftari lake, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni na mwendo wa asiyekuwa na haraka. Mama Klachi aliingia nyuma yake, bado ameshika funguo za gari ya pili.

"Nimeiona gari," askari akasema. "Kilichonishangaza ni kitu kimoja. Gari ina breki mbili, na imeingia chini ya lori kama haina hata moja. Barabarani hakuna alama ya tairi."

Alikuwa ananiuliza mimi. Aliyejibu ni Fundi Miwani.

"Alikanyaga, afande. Nilimsikia akikanyaga. Breki ndiyo haikushika."

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama dari, anapepesa macho kama watu wa miwani wanavyopepesa wakiwa hawanayo.

"Gari yangu ilikaguliwa mwezi uliopita," Mama Klachi akasema polepole.

"Itakaguliwa tena kesho asubuhi, mama. Iko kituoni. Breki ikikutwa mbovu, shule unafunga. Ikikutwa nzima, basi huyu mgonjwa ameniongopea, na kumwongopea askari ni kosa."

Mama Klachi hakumtazama askari. Alinitazama mimi.

"Taratibu. Ulimwambia?"

"Kuniambia nini?" Fundi Miwani akauliza.

Sikupata nafasi ya kujibu, na nikashukuru, maana mlango ulifunguliwa. Chiriku aliingia mbio na sare yake ya shule, mama yake nyuma yake na begi la madaftari begani.

Nilifungua mikono. Mtoto alinipita. Sketi yake iligusa goti langu lililochubuka, akaenda moja kwa moja kitandani, akashika chuma cha kitanda, akaanza kuuliza maswali kumi kwa pumzi moja. Inauma. Walikushona kwa sindano ya nguo. Utaona na hilo jicho. Nani atakusomea saa.

Nikaikunja mikono yangu, nikaiweka mapajani.

Mama Chiriku alisimama mbele yangu. Hatukuwa tumekaribiana kiasi kile tangu siku ile ya kugawana vyombo.

"Baba Chiriku, umeumia?"

"Goti tu."

"Nashukuru ni wewe uliyekuwa naye," akasema. "Angekuwa na mwalimu mwingine, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Kola yangu ilikuwa imekunjika upande mmoja. Mkono wake ukainuka, ukainyoosha, ukaipapasa mara mbili ikakaa sawa, huku yeye anaongea kitu kingine, anauliza kama nimekunywa maji. Halafu akauona mkono wake uko wapi. Akauondoa, akashika mkanda wa begi.

Sijui Fundi Miwani aliona kiasi gani bila miwani. Nilimwona akigeuza uso ukutani.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mtu amelazwa na nyuzi nane usoni kwa ajili yangu, na mimi pale kwenye kiti cha plastiki nilikuwa nahesabu ushindi wa kola.

"Mwalimu," askari akasema. Alikuwa amevumilia vya kutosha. "Nijibu wewe mwenyewe. Ulikanyaga au hukukanyaga?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililipanga wakati wote ule. Nilikanyaga, afande, breki haikushika. Kwa Mama Klachi ningetafuta namna baadaye. Fundi Miwani alishanifungulia njia, kazi yangu ilikuwa kupita tu. Nikakohoa, nikafungua mdomo.

"Nililiona," nikasikia sauti yangu inasema.

Kalamu ikasimama.

"Uliliona nini?"

"Lori. Nililiona mapema. Niliuficha mguu wangu chini ya kiti, nikanyamaza."

Mama Chiriku alimvuta mtoto, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili. Alichelewa. Chiriku alikuwa ameshanigeukia na macho yake makubwa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuongea hakuwa na la kuuliza.

Mama Klachi alikaa juu ya kitanda kitupu.

"Unajua unachokisema?" askari akaniuliza, karibu kwa upole. "Hii siyo ajali tena. Hii ina jina lingine."

"Najua."

"Kwa nini?"

Nilimtazama mama wa mwanangu, nikaona uso wake unajifunga, dirisha moja baada ya jingine.

"Afande, subiri kwanza," Fundi Miwani akasema kutoka kitandani.

"Wewe pumzika. Uongo wako nitaurudia baadaye."

"Hapana, andika. Hata mimi nililiona."

Wote tukamgeukia. Alikuwa amejiinua kwa mkono mmoja, bandeji imeanza kuloa juu ya jicho.

"Nilikuwa nimemgeuzia uso, lakini barabara nilikuwa naiona kwa pembeni. Miguu yangu yote miwili ilikuwa mizima. Siku tatu namwona anauficha mguu wake, na mimi si mjinga, nilishajua ni nani aliyekuwa anatuzimia gari. Nikawa nasubiri nione kama atautoa. Nilikuwa najiambia ninamwomba ruhusa ya mtoto. Nadhani kuna mwingine ndani yangu aliyekuwa anataka kujua jambo moja tu, kama huyu mtu wanayemtaja kila siku nyumbani kwangu ni mwema kweli. Nikamngoja yeye akanyage. Na yeye, naona, hakuwa anangoja mimi nikanyage, alishaamua kuacha."

Nje kwenye ukumbi kitanda cha magurudumu kilipita, kikapotea.

Mimi nilikuwa nimemwonea wivu mtu yule kwa mikunjo ya shati. Kumbe naye alikuwa anaishi nyumba moja na mimi, kila siku, mezani, bombani, kwenye kikohozi cha mtoto, na hana pa kunifukuzia.

Askari alifungua ukurasa mpya. Alitutazama sisi wawili, mmoja kitini, mmoja kitandani, kama fundi anayetazama mashine mbili zenye ugonjwa mmoja. Kisha akamgeukia mama wa mwanangu.

"Mama, samahani. Lazima nijue naandika nini. Wewe ni mke wa nani kati ya hawa?"

Swali lilikuwa jepesi. Mimi talaka yangu ina miaka miwili, na pete ya Fundi Miwani ilikuwa kidoleni mwake, naiona.

Mama Chiriku alimtazama yeye. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, akaufunga, na chumba kizima kikasubiri.